Anti, karatasi inasema niko fiti ila mimi najiona nimekwisha

Shikamoo anti. Jina langu naomba usiliweke, niite fundi tu inatosha. Nina miaka 36, nipo Dodoma, kazi yangu ni aluminiamu, madirisha na milango ya vioo, na tangu serikali ihamie huku kazi hazikatiki, leo Mtumba kesho Iyumbu keshokutwa Ihumwa, kwa hiyo njaa sina namshukuru Mungu.

Mwaka 2021 wife alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, akaniambia kliniki wanataka tuje wote wawili. Nikaenda najiamini kabisa, nimekaa kwenye benchi nachati na bosi wa saiti. Tukapimwa VVU, yeye hana, mimi ninavyo. Anti ile siku we acha tu. Nilijua hapa nitatukanwa halafu atafunga mizigo arudi kwao Mpwapwa, wala. Tulivyotoka nje alichosema ni "haya twende ukale, hujala tangu asubuhi". Dawa nilianzishiwa siku ileile. Mtoto kazaliwa mzima, mke wangu kila akipima hana mpaka leo.

Sasa shida yangu iko hivi. Dawa nachukulia Kibaigwa maana hapa mjini najulikana na mafundi wengi, wenyewe wanajua huwa naenda kuangalia bei ya mahindi. Kipimo cha wingi wa virusi wananiambia havionekani, tangu mwaka wa kwanza ni hivyo hivyo, nesi ananisifia mbele za watu mpaka nakosa pa kuangalia. Juzi kati wakaniita pembeni wakasema wewe unafaa kuwa WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayeshauri wenzake, uwe unakaa na hawa wapya wanaotoka kupima unawapa moyo. Nikaitikia ndio ndio, nikatoka nje nikakaa chini ya mti nikalia, mwanaume mzima na ndevu zangu. Nitampa nani moyo mimi jamani.

Kiukweli silali anti. Nameza kidonge saa tatu usiku, nikilala saa nane macho kodo, nageuka geuka mpaka adhana ya alfajiri. Chakula nakula ili watu wasiulize. Zamani Yanga ikicheza mimi na kibanda umiza hatuachani, saivi hata sijui ligi imefikia wapi. Nimejizoesha jioni napita sehemu nakunywa choya, ile pombe ya hapa kwetu, kidogo ili usingizi uje, na kuna siku nimepitiwa hukohuko na dozi ikapita, na sio mara moja.

Kwa mke wangu ndo kabisa. Tangu nijue hali yangu naogopa kumgusa, nalala kwenye kochi sebuleni nasingizia mgongo. Yeye anahisi nina mchepuko. Wiki iliyopita akaniambia "mimi sikukukimbia, wewe ndo umenikimbia", nikakosa la kujibu nikatoka nje kama naenda kununua vocha. Kuna muda namwangalia anacheka na watoto nawaza huyu angeolewa na mtu mzima wa afya angekuwa mbali. Hata kikombe changu nimekitenga, kile cha bati cha bluu, hakuna mtu aliyeniambia nikitenge, ni mimi mwenyewe, na nakiosha mwenyewe.

Halafu nikiwa juu ghorofani nafunga fremu kuna mawazo yananijia ambayo sitaki kuyaandika hapa.

Hili la usingizi niligusia kwa daktari, akaniandikia karatasi niende kitengo cha afya ya akili. Anti sisi watu wa Dodoma tunajuana, hapa ukisema akili kila mtu anawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Tumekua tunataniana hivyo, "mpelekeni Mirembe huyu". Sasa mimi ninayo hii, halafu nijiongezee na ile? Karatasi ipo kwenye begi la vifaa mpaka imeshika mafuta. Nifanyeje, na ile kazi ya ushauri niikatae?

Fundi, Dodoma

---

Marahaba mdogo wangu, pole sana, na umefanya vizuri kuandika.

Umeeleza mambo mengi kwa kirefu, ila lililo zito kuliko yote umelipa mstari mmoja ukapita mbio, lile la juu ya ghorofa. Mimi naanza na hilo maana halingoji foleni. Kama ninavyokuelewa, unawaza kufa. Leo hii, sio jumapili, mwambie mke wako kwa maneno ya wazi, "kuna muda nawaza kufa na mwenyewe naogopa". Usilizungushe. Kwa siku hizi kazi za juu mwachie mwenzako, wewe kata vipimo chini, waambie una kizunguzungu, mtu asiyelala miezi kizunguzungu anacho kweli. Na yale mawazo yakija kwa nguvu usisubiri tarehe ya kliniki wala usijiulize kama unakuza mambo, mshike mkeo au ndugu unayemwamini mwende hospitali muda huohuo hata kama ni usiku wa manane, General, ile ya rufaa ya mkoa, ipo, Benjamin Mkapa ipo, Mirembe ipo. Kama hamjui pa kuanzia pigeni 199 ya wizara ya afya, haikati salio.

Tukishaelewana hapo ndo tuendelee.

Ile karatasi ya majibu inayokusifia inapima kitu kimoja tu, virusi kwenye damu. Nesi akisema uko vizuri hadanganyi, virusi kweli vimelala. Ila hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha mtu aliyekesha sebuleni akijihukumu, na kama wewe hukusema hawezi kujua. Haya unayoyaeleza, usingizi kukatika, chakula hakina ladha, mpira umekutoka moyoni, kujiona mzigo kwa mkeo, kuwaza kufa, na yote yamekaa zaidi ya wiki mbili, kwa lugha ya hospitali yana jina, ni sonona. Daktari ndo atakuthibitishia, mimi siwezi kukupima kwa barua, lakini ningeshangaa sana akisema vingine. Inawapata wanaoishi na VVU mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, hata wale wanaomeza dawa vizuri, hata wenye hela, hata wenye ndoa. Sio kwamba imani yako ndogo wala kwamba wewe sio mwanaume, ni ugonjwa wa pili umekuja juu ya wa kwanza, na una matibabu yake.

Na nikuambie kwanini hili la pili linanitisha kuliko lile la kwanza. Umesema dozi zimekupita. Hicho ndo sonona inachofanya, haigombani na virusi, inagombana na mkono unaopeleka kidonge mdomoni. Ukiruka ruka dozi virusi vinaamka, na vikiamka mara kwa mara vinajifunza kuikwepa dawa, hapo ndo mtu anahamishiwa dawa nyingine na maneno yanakuwa mengi. Kwa hiyo Kibaigwa nenda ukawaambie ukweli, kwamba kuna siku zimepita na sababu ni hii na hii, hata kama utaona umeivunja ile sifa. Waombe wakupime tena wingi wa virusi bila kusubiri ile tarehe ya mwaka. Manesi wa CTC, hiyo kliniki ya dawa za VVU, wamesikia makubwa kuliko hayo, hakuna atakayedondoka kwenye kiti. Siku nyingine ukikumbuka kwamba dozi imepita meza pale unapokumbuka, usiseme basi mpaka kesho, labda kama muda wa dozi inayofuata umeshakaribia sana.

Hilo la choya sasa. Pombe inakuangusha haraka ni kweli, ila ikianza kuisha mwilini inakuamsha katikati ya usiku. Unashtuka saa nane halafu unashangaa, wakati umekunywa kinachokuamsha. Jambo jingine ambalo ni rahisi kabisa na huenda hujawahi kuambiwa, umeanza dozi 2021, nchi ilianza kuhamia kwenye TLD, kile kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU, tangu 2019, kwa hiyo nadhani na wewe ndo unayomeza (angalia kopo), na ndani ya TLD kuna dolutegraviri ambayo kwa baadhi ya watu inafukuza usingizi ikimezwa usiku. Muulize nesi kama unaweza kuhamishia asubuhi, ni dawa ileile na kazi ileile, saa tu ndo inabadilika. Mafundi mnaondoka mapema, weka na ile chai ya saa kumi na mbili. Ukimeza asubuhi hata choya haitapata nafasi ya kuila dozi yako, ingawa na choya yenyewe naomba uipunguze, sio kwa sababu ya dhambi, kwa sababu inazidisha huzuni.

Haya twende kwa shemeji yangu, maana huyo mwanamke mimi nimempenda kabla sijamwona.

Fundi, wewe una hofu ya kumwambukiza, na hiyo hofu ina heshima ndani yake, siidharau. Ila imepitwa na wakati. Kulikuwa na utafiti unaitwa PARTNER, ulifanyika Ulaya ukatoka mwaka 2016, walifuatilia jozi 888 za wenza ambao mmoja anayo na mwingine hana, mwenye nayo yuko kwenye dozi na virusi vimeshushwa, na hawatumii kondomu. Walihesabu tendo la ndoa kama mara 58,000 hivi. Walioambukizwa na mwenza wao wa ndani ni sifuri. Wapo wachache kwenye ule utafiti waliokuja kupata maambukizi, virusi vyao vilipochunguzwa vikaonekana vimetoka kwa watu wengine huko nje kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 nalo likaandika wazi, anayemeza dawa kama alivyoelekezwa na virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Sasa piga hesabu umelala kwenye kochi tangu lini ukimlinda mke wako na kitu ambacho hukuwa nacho cha kumpa.

Lakini sitakudanganya ili ujisikie vizuri. Kwa kuwa umeruka dozi, mpaka hicho kipimo kipya kirudi tumieni kondomu, na mkifika kliniki pamoja ulizeni pia kuhusu PrEP kwa ajili yake, ni vidonge vya kinga anavyomeza asiye na maambukizi, na wenza wenye majibu tofauti kama nyinyi ni miongoni mwa wanaopewa. Majibu yakirudi mazuri na dozi ikikaa sawa, kondomu itakuwa ni mambo yenu ya uzazi, hata mtoto wa tatu mkitaka njia ipo.

Ila sidhani kama anachokidai mkeo ni tendo. Soma tena alichokuambia, "mimi sikukukimbia". Huyo alisimama nje ya kliniki na mimba tumboni, ndo kwanza ameambiwa habari ambayo ingevunja nyumba nyingine, akawaza njaa yako. Wewe tangu siku ile unasubiri adhabu, naye hajaitoa, ukaona ujipe mwenyewe, kochi lako, kikombe chako, sabuni yako. Nchi hii ina sheria tangu 2008 inayokataza mtu kumnyanyapaa mwenye VVU, na nina hakika mkeo angekutengea kikombe ungejua ni kosa, ungeenda hata kwa mjumbe. Lakini ukijitengea mwenyewe hakuna wa kukushtaki. VVU haviambukizwi kwa kikombe, hilo tunalijua wote tangu shule ya msingi, kwa hiyo kile kikombe hakijawahi kumlinda mtu, kazi yake ni kukukumbusha kila asubuhi kwamba wewe ni wa pembeni. Mpe mtoto achezee maji.

Kuongea naye usitafute hotuba. Watoto wakilala kaa karibu yake umwambie sina mtu, naogopa, nalala kule kwa sababu naogopa, na usiku silali. Ukishasema hivyo nyamaza. Akilia mwache alie, akikasirika ana haki, miaka yote hii ameishi na mume ambaye yeye anadhani ni wa mwanamke mwingine. Ukishindwa kabisa kutamka mpe simu asome barua yako, wala sioni aibu yoyote hapo.

Sasa Mirembe. Nimecheka kidogo maana na mimi huo utani naujua, ukiwa Dar ukisema unatoka Dodoma tu mtu anakuuliza umetoka wodi gani. Ile hospitali ipo tangu 1927, na kwa miaka mingi watu walichokiona ni wagonjwa wanaoletwa wamefungwa kamba kutoka mikoani, utani ukazaliwa hapo. Leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kliniki zake za nje anaenda mtu aliyekosa usingizi, aliyefiwa, anayetaka kuacha pombe, anaingia kwa miguu yake anatoka kwa miguu yake anarudi kazini. Kama hilo geti bado linakutisha, usilazimishe kuanzia hapo. Hospitali za rufaa za mikoa nazo zinahudumia afya ya akili, unaingia geti lilelile wanaloingilia wenye malaria na wenye presha, nani atajua umefuata nini. Wewe uliyeweza kuwapiga watu chenga ya mahindi miaka yote hii unashindwaje hiyo.

Na usidhani ukifika utalazwa kwenye kiti uulizwe habari za utotoni. Mara nyingi ni maongezi, unaulizwa nini kinakubana zaidi, mnachukua moja mnalitafutia njia, wiki ijayo mnaangalia limefika wapi. Kule Zimbabwe daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kwa kuwafundisha mabibi wa mtaani kufanya hayo, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki wanaongea, na walipokuja kupima kitaalamu kweli watu walipona sonona. Mabibi tu, fundi, na lugha yao ya kila siku. Ikionekana unahitaji na vidonge, meza, vinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake kwa hiyo usiache siku ya nne ukisema havifai. Ila kila anayekuandikia dawa mwonyeshe kadi yako ya CTC, kwa sababu zipo dawa kama kabamazepini, ile ya kifafa, zinazopunguza nguvu ya TLD. Ukificha VVU kwa daktari wa akili na ukaficha sonona kwa nesi wa CTC, kila mmoja anatibu nusu mtu.

Kuhusu Kibaigwa sitakuambia uhamie mjini. Wapo washauri watakaokwambia huko ni kujificha, mimi naona kama nauli unaimudu na dawa unazipata, jifiche kwa amani. Nina neno moja tu hapo. Wanaoendelea vizuri siku hizi wanapewa dawa za miezi mitatu hata sita kwa mkupuo, na najua kwa mtu anayesafiri hiyo ni raha. Kwa sasa usiitake. Omba uwe unaenda karibu karibu, kwa sababu wewe huendi kufuata vidonge tu, unaenda pia kuonana na watu ambao mbele yao huhitaji kudanganya, na kwa hali yako hao hawazidi vidole vya mkono mmoja.

Umeniuliza ukatae kazi ya WAVIU mshauri. Kwa leo ndio, kataa, huwezi kumshika mtu mkono na wako unatetemeka. Lakini usiikatae kwa ile sababu uliyonayo, kwamba wewe ni muongo. Mimi zile shuhuda za "nimeikubali hali yangu, maisha yanaendelea, hapa mnavyoniona nina miaka kumi" huwa zinanichosha, sio za uongo, ila mtu aliyetoka kupokea majibu asubuhi ile akizisikia anaona hawa wenzangu ni chuma mimi ni karatasi. Siku ukipona, mtu wa kumwambia mwanaume mgeni pale kwenye benchi kwamba virusi vilikuwa havionekani na bado nilikuwa silali, na nilikoenda ni hapa, atakuwa wewe. Kwa sasa nenda kama msikilizaji. Waulize kuhusu kikundi cha hapo kliniki, au konga, ule umoja wa WAVIU unaokuwepo kwenye halmashauri, ukae nyuma, usiseme kitu kama hutaki.

Na nesi mjibu hivi tu: sista nashukuru kwa kuniamini, hali yangu ya ndani haiko sawa, hiyo kazi tuiongee tena baada ya kipimo kijacho, ila kikundi mkikutana nishtue nije.